Yowe la Nyamizi na Simu ya Upepo

Asubuhi ambayo fundi wa simu ya upepo alifika mto Ngogo kutafuta mahali pa kusimika mlingoti, Nyamizi alikuwa mtoni anafua. Alikuwa na karai la bati, kipande cha sabuni ya mche na kaniki mbili. Kabla ya kuanika alichukua fimbo akawafukuza yangeyange waliokuwa wamejipanga hewani, juu kidogo ya kichwa cha mtu, kwa sababu walikuwa wakichafua nguo. Ndege hao hawakuwa wamekaa juu ya tawi wala kamba. Walikuwa wamekaa juu ya yowe lake.

Yowe hilo lilikuwa pale tangu msimu wa pamba wa mwaka 1949. Lilianzia mlangoni kwake, upande wa utemi wa Isolelo, likapita juu ya shamba, likafika katikati ya mto, na hapo likakwama. Halikuonekana kwa macho, ila alfajiri umande ulilishika na kudondoka majini kwa mstari ulionyooka. Mtu mrefu akipita bila kuinama lilimgonga kwenye paji la uso, naye akasikia mwanamke akilia kwa mbali, kama aliye ndani ya nyumba iliyofungwa. Watu wafupi halikuwasumbua. Theonest, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji cha ng'ambo, alikuwa amelifunga kitambaa chekundu ili wapanda baiskeli walione.

Wasukuma wa Isolelo huliita yowe la namna hiyo mwano. Mwano hauna salamu. Anayeusikia haulizi nani analia wala ana cheo gani. Hushika jembe au rungu au chochote kilicho karibu, akatoka mbio huku naye akipiga mwano, jirani akaupokea, hadi nchi nzima ikawa njiani. Asiyetoka hunyimwa moto na maji na majirani zake. Watu wakishafika na kufanya walichoitiwa, mwano hukoma wenyewe.

Wa Nyamizi haukuitikiwa. Mume wake, Mageni, alikuwa amechimba shimo la dhahabu mwishoni mwa shamba lao, kama walivyofanya wanaume wengi tangu habari za dhahabu ya Geita zienee. Siku moja ya mnada wa pamba, wanaume wote wa upande wao wakiwa mnadani, kuta za shimo zilianguka naye akiwa chini. Nyamizi alisimama mlangoni akapiga mwano. Ng'ambo ya Ngogo, katika utemi wa Bukamba, kundi la Wasumbwa lilikuwa linakata magogo. Walikuwa na mashoka, sepetu, kamba na mbao ndefu, yaani kila kitu kilichohitajika. Walikimbia hadi ukingoni wakasimama.

Walisimama kwa sababu ya amri. Miaka miwili nyuma watu waliokuwa wakifuata ng'ombe walioibwa walivuka mpaka wakiwa na silaha, damu ikamwagika, na baada ya hapo ikaamriwa kwamba kundi lolote lenye zana lisivuke kutoka utemi mmoja kwenda mwingine bila ruhusa ya watemi wote wawili.

"Tunakusikia, mayu!" Theonest alipaza sauti kutoka ukingoni, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tumetuma mtu kuomba ruhusa!"

Ruhusa ilikuja kesho yake ikiwa na mhuri. Wanaume wa Isolelo waliorudi kutoka mnadani walikuwa wamechimba hadi udongo ukawashinda na maji yakajaa, wakaacha. Mageni alibaki chini. Yowe likabaki juu.

Tangu siku hiyo Nyamizi alitaka jambo moja tu. Alitaka Mageni atolewe shimoni na kuzikwa kando ya zizi la ng'ombe, mahali anapozikwa mwenye mji. Wazee walimweleza kwamba shimo la mtu aliyepigiwa mwano hufunguliwa na walioitwa na mwano huo, na walioitwa walikuwa ng'ambo, na ruhusa waliyopewa ilikuwa ya kuokoa aliye hai, si ya kufukua maiti. Hakuna aliyembishia Nyamizi. Kila mtu alikubali kwamba alikuwa na haki, na kwamba haikuwezekana.

Mwaka 1954 serikali tatu za wenyeji zinazopakana ziliamua kuwa na simu ya upepo moja ya kuokolea watu. Isolelo ilikuwa na mashimo yake na wezi wa ng'ombe. Bukamba ilikuwa na misitu na mioto ya nyika. Nyarugaba, nchi ya Wazinza hadi bandari ya Nkome, ilikuwa na ziwa, na ziwa lilichukua watu kila mwaka. Habari ya ajali ilikwenda kwa baiskeli, na ilipofika kwa kawaida ilikuwa imegeuka kuwa habari ya msiba. Kamati iliundwa: watemi watatu, Bwana Shauri aliyekuwa mkuu wa wilaya, na fundi Pantaleo, mwenyeji wa Nyasubi pale Kahama, aliyejifunza simu ya upepo vitani Burma.

Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Suala la betri na nani atazichaji liliisha kabla ya chakula cha mchana. Suala la mashine kubwa ikae baraza la nani lilichukua msimu mzima wa mvua, mpaka Pantaleo alipoagiza mashine tatu zinazolingana, akazipima kwa kamba mbele ya watemi wote.

Siku ya jaribio kila mtemi alikaa mbele ya mashine yake. Hewa ilikuwa na mikwaruzo mingi kwa sababu ya vilima, lakini kwa shida mtu angeweza kusikika. Adhuhuri Mtemi Donatus wa Bukamba aliona moshi wa moto wa nyika ukielekea ghala la pamba.

"Piga simu, Mtemi," karani wake alisema.

"Nianze mimi?" Donatus alijibu. "Nikianza lazima niamkie. Nikimwamkia Ngassa leo, kesho atasema wanangu wamchungie ng'ombe."

Kule Isolelo, Mtemi Ngassa naye alikuwa amekaa anaitazama mashine. "Donatus ataanza," alisema. "Babu yake alikuwa akipiga magoti kwa babu yangu." Mtemi Marselino wa Nyarugaba, ambaye alikuwa kijana kuliko wenzake na hakutaka ijulikane, aliona wakubwa wamenyamaza, naye akanyamaza kwa heshima yake mwenyewe. Ghala liliungua hadi chini. Jioni matarishi watatu wa baiskeli walipishana njiani, kila mmoja amebeba pole za bwana wake.

Bwana Shauri alisema tatizo ni vilima. Aliomba milingoti ya chuma kutoka Dar es Salaam, na wakati wa kuisubiri akamtuma Pantaleo azunguke mpakani kutafuta mahali pa kuisimika. Ndivyo Pantaleo alivyofika Ngogo na baiskeli yake, mashine ikiwa imefungwa nyuma, akamkuta Nyamizi anafua.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu akishuka ukingoni.

"Mwangaluka. Inama, baba."

Aliinama kwa kuchelewa. Yowe lilimgonga, kofia ikaangukia mtoni. Pantaleo hakuifuata. Alibaki amesimama ndani ya maji, shingo imepinda, anasikiliza.

"La nani hili?"

"Langu."

"Limekaa hapa siku nyingi?"

"Tangu mume wangu afukiwe. Okota kofia yako, inakwenda."

Pantaleo aliokota kofia, akaikamua. Alilipapasa yowe kwa kiganja kutoka mtoni hadi ukingoni, akalifuata kwa macho juu ya pamba hadi mlangoni kwa Nyamizi. Akasema halijalegea hata kidogo.

"Naweza kulifunga waya?"

"Litaumia?"

"Haliumii. Burma tulikuwa tunafunga hata kwenye mianzi."

"Funga basi. Ila usilivute upande. Nguo zangu zitaanguka."

Kaniki zilikuwa zimeshaanikwa juu yake. Pantaleo alifunga waya pembeni ya kaniki ya pili, akaushusha hadi kwenye mashine, akawasha. Mikwaruzo ilikatika. Sauti ikatoka safi kama ya mtu aliyesimama palepale: "Nkome hapa. Nkome hapa. Dagaa wamenyeshewa. Narudia, dagaa wamenyeshewa." Ilikuwa sauti ya Nyamizi.

Nyamizi aliitazama mashine. "Sijasema kitu mimi," alisema.

"Najua, mayu. Huyo ni karani wa Nkome. Ni mwanamume ana ndevu."

"Anakohoa."

"Kikohozi ni chake. Sauti ndiyo yako."

Walisikiliza mpaka nguo zikakauka. Bukamba ilisikika, na baraza la Isolelo, na hata kituo cha polisi cha Kahama kikiulizia gurudumu la akiba, kila mmoja kwa sauti ya Nyamizi, pamoja na lafudhi yake ya Kisukuma.

Kamati nzima ilikuja wiki hiyo. Bwana Shauri aliinama vizuri, kwa kuwa alikuwa ameonywa. Alilipima yowe kwa futi, akauliza kama linastahimili mvua, Nyamizi akajibu kwamba limestahimili tano, na pia radi. Watemi waliketi kwenye viti vya kukunja katikati ya pamba. Mtemi Ngassa ndiye aliyesema kwa niaba ya wenzake.

"Mayu, tunataka kulitumia yowe lako. Litaunganisha nchi tatu. Wewe unataka nini?"

"Nataka liitikiwe," Nyamizi alisema. "Mwenzangu atolewe, alale kando ya zizi lake."

"Ni haki yako."

"Nimeambiwa ni haki yangu tangu mwaka ule, Mtemi. Nauliza lini."

Watemi walitazamana. Ngassa alisema ile amri ya mpaka ifutwe kwanza, kwa sababu simu bila miguu haina kazi, na Donatus na Marselino wakaitikia kwa pamoja ili asitangulie mtu. Bwana Shauri alitia sahihi palepale, juu ya karai la bati lililogeuzwa kifudifudi. Tangu siku hiyo aliyesikia mwano wa simu ya upepo aliruhusiwa kuvuka mpaka wowote, na chombo chochote, bila kuuliza. Na Ngassa akaahidi mbele ya wote kwamba mitambo ikishatulia, yowe la kwanza kuitikiwa litakuwa hilo lililoibeba.

Waya zilifungwa. Jaribio la pili halikuwa na shida ya la kwanza. Mtemi Donatus alipoona moshi mwingine, alitazama mashine kwa muda, kisha akasema maneno machache tu: moto, upande fulani, leteni watu. Kule Isolelo na Nyarugaba hayakusikika maneno ya Donatus. Alisikika mwanamke analia moto.

"Huyu si Donatus," Ngassa alisema akisimama. "Huyu ni mayu analia. Kwenye mwano hakuna shikamoo."

Watu wakatoka. Moto ukazimwa kabla ya kula vibanda. Hakuna mtemi aliyekuwa ameanza, na hakuna aliyekuwa ameamkia. Donatus aliona raha sana hata akaita tena jioni bila sababu, watu wakaja tena, ikabidi awape pombe.

Kazi iliendelea vizuri kuliko ilivyopangwa. Mashua iliyopinduka karibu na Nkome ilipata watu wa kuivuta wakati abiria bado wameishikilia. Ng'ombe walioibwa usiku walikutwa na vijana wa tawala zote tatu asubuhi, mwizi mmoja akiwa amekaa chini kabisa, amechoka kusikia mwanamke yuleyule kila alikoelekea. Mtoto aliyepotea msituni alipatikana. Mama mmoja mjamzito wa Bukamba alibebwa kwa machela hadi kwenye misheni, watu wakipokezana kila kijiji, akajifungua pacha. Msichana akaitwa Nyamizi.

Kwa Nyamizi mwenyewe mambo yalibadilika kidogo. Alipokwenda Nkome kununua dagaa, aliuliza bei, na kabla hajajibiwa wavuvi walishasukuma mashua mbili majini. Mfanyabiashara mmoja alitupa mizani akakimbilia kamba. Ilichukua muda kuwarudisha. Baada ya hapo alinunua kwa kuonyesha kidole, na akina mama wa soko walimjazia kapu kupita kipimo bila yeye kusema.

Lililoipa simu ya upepo jina kubwa ni ajali ya Ilima. Ilima palikuwa mahali pa wachimbaji katika nchi ya Nyarugaba, watu wa kila kabila, Waislamu na Wakristo, waliotoka mbali kutafuta dhahabu. Asubuhi moja shimo refu liliporomoka na kundi zima likabaki chini, nyuma ya udongo. Karani wa mashimo alikimbilia baraza akaita. Yowe likapokea.

Kwenye mto Ngogo, wakata magogo wa Bukamba walishuka na matimba mabegani, yale magogo ya kuegemeza kuta za shimo. Theonest alikuwa mbele. Katikati ya maji alisimama kidogo kwa mazoea, kitambaa chekundu kikimgusa sikio. Nyuma yake watu wakamgonga na magogo.

"Mwanangwa, umekwama?" mmoja aliuliza.

"Hapana," Theonest alisema. "Napita." Akapita. Nyamizi alikuwa ng'ambo na kamba ya ng'ombe begani, akaingia nyuma yao.

Wavuvi wa Nkome walileta nyavu na kamba za mashua. Vijana wa Isolelo walileta majembe na wimbo. Kule Ilima walichimba kwa zamu, Wasumbwa wakisimamisha matimba, Wazinza wakivuta udongo kwa nyavu, Wasukuma wakishuka. Bwana Shauri alivua shati. Watemi watatu walishika kamba moja, na kwa kuwa ilikuwa kamba, hakukuwa na mwanzo wala mwisho wenye heshima zaidi. Nyamizi alishika nyuma yao. Jua likiwa bado juu ya vilima, mtu wa kwanza alitoka. Alikuwa Ignas, mtu wa kutoka Songea, mwenye maneno mengi hata akiwa amejaa udongo mdomoni.

"Vuteni polepole, jamani," alisema. "Suruali imebaki chini."

Watu wakacheka mpaka kamba ikalegea, wakagombezwa. Wote walitoka, hakukosekana hata mmoja. Wa mwisho alibebwa, lakini alikuwa anapumua. Ngoma zilianza kabla hawajanawa. Ignas, amefungwa nguo ya kuazima kiunoni, aliuliza nani alikuwa akiwaita kule chini, maana waliisikia sauti ya mama kupitia kwenye mwamba na ndiyo iliyowafanya wasilale. Wakamwonyesha. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Nyamizi.

"Shikamoo, mama. Mimi sasa ni wako. Ukitaka kuni, nitume."

"Marahaba," Nyamizi alisema kwa sauti ndogo, ili watu wasianze kukimbia.

Siku ya sherehe aliwekewa kiti kati ya watemi. Ng'ombe walichinjwa, wachezaji wa Isolelo na Bukamba walishindana hadi vumbi likafunika jukwaa, na Bwana Shauri alisoma salamu kutoka kwa gavana zilizosema kwamba hakuna wilaya nyingine katika Tanganyika yenye mwitikio kama ule. Umati ulishangilia. Vigelegele vilipopungua, Nyamizi alimgeukia Mtemi Ngassa.

"Mitambo imetulia, Mtemi."

"Imetulia, mayu."

"Basi sasa ni langu."

Ngassa alikubali. Siku ilipangwa, matimba yalikatwa, na ng'ombe wa matanga akachaguliwa. Katika kikao cha kupanga kazi hiyo Pantaleo aliuliza, kwa kuwa alikuwa hajui mila za Isolelo vizuri, mwano ukiitikiwa huwa nini.

"Hukoma," Ngassa alisema.

"Hukoma kabisa?"

"Kabisa. Umesikia wapi mwano ulioitikiwa ukaendelea?"

"Basi na simu itakoma," Pantaleo alisema.

Nje, mashine ilikuwa inasema kwa sauti ya Nyamizi kwamba mashua ya Nkome imefika salama. Milingoti ya chuma, ilipouliziwa, ilikuwa imeshafika miezi mingi nyuma. Kwa kuwa haikuhitajika, ilikuwa imekatwakatwa na kuwa paa la ghala jipya la pamba la Bukamba. Kuagiza mingine kungechukua muda, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba chuma kingefanya kazi kama yowe. Pantaleo mwenyewe alisema hakitafanya. Walijadiliana bila ugomvi. Mwishowe ilikubaliwa kwamba yowe la Ngogo ni mali ya serikali zote tatu kwa pamoja, litunzwe, lipewe mlinzi wa kufukuza yangeyange, na kwamba ni marufuku kwa mtu yeyote kuliitikia.

Mtemi Ngassa hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa miguu, akamkuta Nyamizi anapepeta mtama, akaketi kwenye kigoda na kueleza jambo lote kuanzia mwanzo. Nyamizi aliendelea kupepeta.

"Wale wa Ilima ungewaacha chini?" Ngassa aliuliza alipomaliza.

"Nisingewaacha."

"Na wa Nkome?"

"Sikusema waachwe, Mtemi. Nimesema Mageni awe zizini."

"Si yupo shambani kwake, mayu? Wako waliolala ziwani, hawana hata kaburi la kupalilia."

"Zizini, baba."

Ngassa aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa haki na jambo lile lilimuuma. Alikunywa maji aliyopewa, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," na aliporudi alihakikisha kwamba mlinzi wa yangeyange anapelekwa siku hiyohiyo.

Msimu wa palizi ulifika. Mvua ilikuwa nzuri mwaka huo na magugu yalipanda hadi magotini kwenye pamba ya Nyamizi, ambaye alilima peke yake. Asubuhi moja aliweka jembe chini, akasimama mlangoni mahali palepale alipokuwa amesimama zamani, akapiga mwano mwingine.

Mwano wa pili ulipita chini ya wa kwanza. Ulivuka shamba, ukafika Ngogo, ukavuka bila kusimama. Mashine zote tatu ziliudaka. Theonest alikuwa wa kwanza kutokea, amelowa hadi kiunoni, sepetu mkononi. Nyuma yake Bukamba wote na matimba yao. Vijana wa Isolelo walikuja wakiimba. Lori la samaki la Nkome lilikuja limejaa wavuvi na kamba, na Ignas akiwa juu ya paa, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Watemi walifika, kila mmoja kwa njia yake, kwa wakati mmoja. Bwana Shauri aliruka kutoka kwenye gari lake, akatazama saa, akasema kwa furaha kwamba haijawahi kutokea wakafika haraka kiasi hicho, hata siku ya Ilima.

"Ajali iko wapi, mayu?" Theonest aliuliza akihema.

Nyamizi aliwaongoza hadi mwisho wa shamba, akawaonyesha shimo.

Kila mtu alilitazama. Maji yalikuwa ndani yake, na nyasi pembeni.

"Hili ni la zamani," Pantaleo alisema.

"Na mtu wake bado yumo," Nyamizi alisema.

Theonest aliinua sepetu yake. Hakuishusha. Alimtazama Ngassa, na Ngassa akatikisa kichwa taratibu.

"Tukigusa hapa," Mtemi alisema, "kesho mtu wa Nkome anazama na hakuna anayemsikia."

Ilikuwa kweli, na Nyamizi alijua ni kweli. Wavuvi waliangalia miguu yao. Mwano wa pili uliwaita waje tu, na kwa kuwa walikuwa wamekuja, ulikoma wenyewe. Wa kwanza ukabaki juu yao, umetulia, umebana vizuri, na kupitia waya wake sauti ya Nyamizi ilisikika ikiuliza lori la samaki litarudi saa ngapi.

Nyamizi aliwatazama watu waliosimama katika pamba yake. Walijaa kutoka nyumbani hadi mtoni, watu wa serikali tatu, wenye majembe, hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

"Basi kwa kuwa mmekuja," alisema, "nisaidieni palizi."

Walifurahi kupata kazi. Vijana wa Isolelo waliwapanga kwa mstari mmoja mpana, kama wanavyolima kwao, mwimbaji akatangulia na ngoma ndogo. Wasumbwa waliweka matimba chini wakashika majembe ya kuazima. Wavuvi hawakujua kulima, wakang'oa magugu kwa mikono. Watemi waliingia kwenye mstari. Bwana Shauri alipewa jembe, akakata miche michache ya pamba, akasamehewa. Wimbo ulipanda, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na watu wa ng'ambo ambao hawakuujua wimbo waliupata kabla ya nusu ya shamba. Haijawahi kuonekana palizi kama ile katika nchi hiyo. Akina mama waliotoka kutazama walipiga vigelegele, na Nyamizi, aliyekuwa katikati ya mstari, alilima kwa kasi kuliko wote.

Mstari ulipofika kwenye shimo waliinua majembe. Waliachana nusu huku na nusu huku, wakalizunguka bila kuacha kuimba, wakaungana tena upande wa pili, na kuendelea kulima hadi mtoni.